Kumwokota ni Rahisi, Kazi ni Kumpatia Nyumba



Siku ya tatu tangu turudi likizo, mlinzi wa zamu alikuta kiroba cha unga kando ya geti la seminari, kimefungwa mdomo kwa kamba ya katani. Kilikuwa kinacheza. Alikuja nacho mpaka kwenye foleni ya uji, akakifungua mbele yetu. Walikuwemo watoto sita wa mbwa, macho yamefunguka lakini miguu bado haijawakubali. Mmoja alikuwa ameshakufa. Katika watano waliobaki, dume alikuwa mmoja tu.

"Mnaona wanangu?" mzee akasema. "Madume wameshachukuliwa huko walikotoka. Hawa ndio masalio."

Tulicheka, kwa sababu hatukuelewa. Ilituchukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba katika maneno yale mafupi mzee alikuwa ametueleza habari nzima ya mbwa wanaozurura kutoka stendi ya Korogwe mpaka Segera, Mkata na Chanika pale Handeni mjini. Tunaandika makala hii kwa sababu tulifanya jambo jema vibaya. Wengi watakaoisoma wamewahi kuokota mtoto wa mbwa au paka njiani wakadhani kazi imekwisha pale walipomfikisha nyumbani. Sisi tunasema kazi ndiyo inaanza hapo. Kumwokota mnyama asiye na kwao ni huruma ya dakika tano. Kumpatia nyumba inayomfaa, ambayo atadumu nayo miaka kumi, ni kazi inayodai akili, maswali na ujasiri wa kumwambia mtu "hapana", hata kama mtu huyo ni mfadhili wa parokia.

Kabla ya kuendelea tukiri kosa la kwanza, maana linaweza kumgharimu mtu uhai. Tuliwabeba wale watoto kwa mikono mitupu. Mmoja wetu aling'atwa kidole, kijino kidogo tu, akakinyonya kidole na kuendelea na uji wake. Muuguzi wetu aliposikia alikuja mbio, akamshika mkono akampeleka bombani, akamsimamia aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kwa saa, kisha siku hiyohiyo akampeleka hospitali kuanza chanjo. Tuliona amekuza mambo. Baadaye alitueleza kwamba kichaa cha mbwa kinaweza kuwa hata kwa mbwa mchanga, na kwamba dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Hakuna kusubiri kuona. Hakuna kupaka unga wa betri wala kitunguu wala kufunga jani. Ni sabuni, maji, na hospitali siku ileile. Shirika la Afya Duniani linasema karibu watu wanne kati ya kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Hao ndio wadogo zetu wanaokwenda shule alfajiri kwa miguu. Kwa hiyo yeyote atakayeguswa na makala hii akaenda kuokota mbwa, avae mifuko mikononi, na amwite afisa mifugo wa kata kabla hajampa mnyama jina.

Sasa turudi kwenye kiroba.

Baba Gombera alitukubalia kwa masharti matatu: wasiingie mabwenini, wasile chakula cha mwanafunzi yeyote, na wawe wamepata kwao kabla ya mitihani. Tuliwaweka nyuma ya jiko, kwenye banda la zamani la sungura. Tuliwapa maziwa, halafu uji, halafu ugali wa dona uliolainishwa kwa maji ya dagaa. Mmoja alihara siku mbili akafa. Walibaki wanne, dume na majike watatu. Walipofikisha miezi mitatu afisa mifugo aliwachanja na kuwapa dawa ya minyoo, nasi tukatangaza baada ya Misa ya Jumapili kwamba tuna mbwa wa kugawa.

Dume hakumaliza hata nusu saa. Mfanyabiashara mmoja wa Manundu, mtu mwema, mwepesi wa kutoa zaka, alimtaka kwa ajili ya kulinda ghala. Tulifurahi. Tulimpa siku ileile, tena tukapiga naye picha. Miezi miwili baadaye wenzetu waliokwenda kufundisha Utoto Mtakatifu walipita pale, wakamkuta amefungwa mnyororo usiozidi mita moja, juani, maji yamekauka kwenye kopo, shingo ina kidonda kinachonuka. Mwenyewe hakuona tatizo. "Mbwa wa ulinzi lazima awe mkali," alisema, "na ukali unaletwa na kufungwa." Hatukumjibu, kwa kuwa alikuwa mtu mzima na sisi ni watoto, na kwa kuwa ni sisi tuliompa bila kumuuliza hata swali moja. Kwa bahati mbwa hakuwa mkali hata kwa mnyororo. Alinyong'onyea, akawa habweki tena, na mwenye ghala akaturudishia akisema tumempa mbwa mbovu.

Jike wa kwanza alichukuliwa na kijana aliyekuwa akifanya kazi ya kukata mkonge, amepanga chumba karibu na shamba. Alimpenda kwa dhati. Huyu hatuna neno naye. Lakini chumba kilikuwa cha kupanga, mwenye nyumba hakuwa ameulizwa, na kazi ilikuwa ya msimu. Kazi ilipokwisha kijana alirudi kwao na basi, na basi halichukui mbwa. Mtu mmoja wa parokia alitwambia amemwona jike wa rangi ile ile, sikio moja limelala, akigombania mifupa na wenzake nyuma ya vibanda vya chakula Segera, mahali mabasi ya Dar es Salaam, Tanga na Arusha yanapopishana. Tulikwenda mara mbili. Hatukumpata. Kama bado yu hai, bila shaka ameshazaa, na tunajua nani aliyemfikisha pale. Sisi.

Tangu siku hiyo hatutoi mnyama siku anapoombwa. Anayetaka tunamtembelea kwanza nyumbani kwake, tena si mseminari mmoja bali wawili pamoja na mtu mzima wa jumuiya ndogo ndogo ya mtaa ule, kwa kuwa majirani ndio wanaojua. Hatukagui utajiri. Tumekuta nyumba za udongo ambazo mbwa angeishi kama mtoto wa mfalme, na nyumba zenye geti la umeme ambazo tusingempa hata kuku. Tunauliza nyumba ni ya nani, na mwenye nyumba anasemaje. Tunamuuliza mama wa nyumba bila mume wake kuwepo, kwa sababu mara nyingi baba ndiye anayeomba mbwa na mama ndiye atakayemlisha. Tunauliza mbwa aliyekuwepo kabla alikwenda wapi. Swali hilo, jamani, linafichua kuliko yote. Ukisikia "alipotea", na wa kabla yake "alipotea", na yule mwingine naye "alipotea", funga daftari uage vizuri.

Tena tunauliza mbwa atafanya kazi gani. Wapo wanaotushangaa hapa, hasa wale waliozoea kuona kwenye simu mbwa wa Ulaya wakilala juu ya makochi. Kwetu Handeni na Korogwe mbwa ni mfanyakazi. Analinda mahindi yasiliwe na nyani na ngedere, anakwenda na ng'ombe malishoni, anakaa na mbuzi zizini, anamwamsha mwenye nyumba usiku. Hakuna ubaya katika hilo, na tunadhani mbwa mwenye kazi na mwenye bwana wake ana furaha kuliko mbwa anayebembelezwa na kusahauliwa. Kinachotakiwa ni kazi imfae. Yule dume aliyeshindwa kulinda ghala tulimpeleka kwa katekista mmoja mzee upande wa Misima, ambaye kila msimu alikuwa akilala shambani kuwinga ngedere. Mbwa yule yule aliyeitwa mbovu sasa anakimbia siku nzima, kidonda kimepona, na mwalimu amempa jina Watasema. Tulipomuuliza kwa nini jina hilo alicheka tu. Wazee wa kwetu huwaambia majirani yao kwa majina ya mbwa yale wasiyotaka kuyasema kwa mdomo.

Jike wa pili alikwenda kwa mama mmoja mjane anayeuza chakula karibu na stendi. Huyu alikuwa wa kwanza kutuwekea sisi masharti. "Wanangu," alisema, "mabaki ninayo, na mbwa ananifaa maana narudi usiku na pesa. Lakini huyo ni jike. Mkitaka nimchukue, kwanza mfungeni kizazi. Mimi sitaki kuja kufunga kiroba."

Hapo ndipo maneno ya mlinzi yalipoturudia. Mbwa jike hubeba mimba kwa miezi miwili tu, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto watano, sita, wakati mwingine nane. Madume huombwa kabla hawajaacha ziwa. Majike hawaombwi, kwa sababu kila mtu anajua jike ataleta mbwa wote wa mtaa uani kwake na baadaye ataleta watoto. Basi mwenye nyumba, ambaye si katili, ambaye pengine ni mwanajumuiya mwenzetu, anawatia majike kwenye kiroba usiku na kuwaacha mahali anapodhani pana huruma: getini kwa masista, kanisani, shuleni, au kando ya barabara kuu ambapo dereva wa lori anaweza kuwatupia mfupa. Wale wanaopona wanakua, na kwa kuwa ni majike, wanazaa. Kwa hiyo mbwa koko wa barabarani wametoka majumbani mwetu, si porini, na wametoka kwa mpango, mwaka hata mwaka. Tukiendelea kuokota watoto tu bila kufunga kizazi cha mama zao, tutakuwa tunateka maji kwa pakacha.

Tulimpa mama ahadi, kisha ndipo tukauliza bei. Ilitulazimu kuuza mchicha na bamia za bustani yetu kwa muhula mzima mpaka daktari wa mifugo akaja kumfanyia jike yule upasuaji. Ni gharama, hatufichi. Lakini ni gharama ya mara moja, na tangu siku ile mama yule ameshatuletea majirani wawili wanaouliza kama tutawasaidia kufunga kizazi cha majike wao. Hao hawataki mbwa. Wanataka wasizae. Tunaona hapo ndipo mlango wa kazi yenyewe ulipo, na sisi tulikuwa tumesimama kwenye dirisha.

Wapo watakaosema, na wamekwisha kusema, tena mezani petu wenyewe: watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa chakula, wazee hawana bima, ninyi mnauza mchicha kwa ajili ya mbwa? Hatulidharau swali hili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaligusa waziwazi katika namba 2415 hadi 2418. Inafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na tunawiwa kuwatendea kwa wema, na kwamba kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu mwenyewe. Papo hapo inafundisha kwamba si haki kutumia kwa wanyama fedha ambayo ingepaswa kwanza kuondoa taabu ya watu, na kwamba upendo unaowastahili wanadamu peke yao usihamishiwe kwa mnyama. Wapendao wanyama husoma nusu ya kwanza, wasiowapenda husoma nusu ya pili. Sisi tunajaribu kusoma zote mbili kwa pamoja. Ndiyo maana hatutumii neno "kuasili" kwa mbwa, ingawa wengine hulitumia. Mtoto huasiliwa. Mbwa hupewa nyumba. Ndiyo maana pia hatujagusa sadaka hata shilingi moja, wala hatutagusa.

Lakini tunaomba mwenye swali alitazame upande wa pili. Mbwa wasio na mwenyewe hawaumi matajiri waliofungiwa kwenye magari. Wanamuuma mtoto anayekwenda shule kwa miguu, na mama anayetoka sokoni jioni. Kozi ya chanjo baada ya kuumwa, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi hospitali, ni mzigo ambao familia nyingi huubeba kwa kuuza mbuzi. Anayesema tuwasaidie maskini badala ya kushughulika na mbwa hajamuuliza maskini aliyeumwa.

Kuna njia nyingine ambayo miji mingi imeizoea. Gari linapita na kipaza sauti, watu wanatangaziwa wafungie mbwa wao, halafu wenye bunduki wanapita, au nyama yenye sumu inawekwa. Mizoga huachwa mitaroni na watoto hutazama. Hatumlaumu kiongozi yeyote, maana wananchi wenyewe ndio hupiga simu kulalamika. Tunachosema ni kwamba njia hiyo haifiki mbali. Wanaouawa hukamilisha idadi ya siku ile, kisha viroba vipya hujaza nafasi yao. Tena mara nyingi wanaokufa ni mbwa wenye mwenyewe waliokwishachanjwa, kwa sababu ndio wasioogopa watu. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo nchini mwetu, inakataza ukatili na inamtaka mwenye mnyama amtunze. Wangapi tumewahi kuisikia ikitajwa parokiani?

Kilichofanikiwa ni chanjo. Huko Serengeti kampeni za kuchanja mbwa zimeendelea tangu mwaka 2003. Karibu nasi zaidi, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Tanga, kisiwa cha Pemba kilikuwa kimekiondoa kichaa cha mbwa, kikarudi mwaka 2016, na kufikia 2018 kilikuwa kimezimwa tena kwa kuchanja mbwa kijiji kwa kijiji. Wataalamu wanasema mbwa saba katika kila kumi wakiwa na chanjo, ugonjwa hukosa pa kupita. Tuzingatie kwamba hawakusema mbwa wote wafe, walisema saba wachanjwe. Na mbwa huchanjwa akiwa na mtu wa kumshika. Mbwa koko hashikiki. Kumpa mbwa nyumba ni kumpa mtu atakayemshika kamba siku ya chanjo.

Hapa hatuwezi kuruka jambo ambalo kila mkazi wa mkoa wetu analijua. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na wengi wao hawapendi mbwa aguse nguo wala vyombo, kwa sababu ya utaratibu wa udhu na twahara. Baadhi yetu tulidhani hilo ni ukuta. Tulijifunza adabu kidogo. Nyumba iliyopakana ukuta na msikiti, au uwanja unaotumika na familia tatu ambazo mbili haziwezi kukaa na mbwa, si nyumba inayofaa, hata kama mwombaji ni mwenyekiti wa jumuiya. Mbwa atakuwa chanzo cha ugomvi, na mwisho atapigwa jiwe. Lakini mwalimu mmoja wa madrasa, jirani yetu wa siku nyingi, alipotusikia tukilalamika alitutuliza. Alitukumbusha kwamba dini yao inaruhusu mbwa wa kulinda mifugo na shamba, na kwamba katika mapokeo yao kuna kisa cha mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa sababu alimnywesha maji mbwa mwenye kiu. Yeye mwenyewe hakuchukua mbwa. Alichukua paka wawili. Sasa watoto wa madrasa wamekuwa mawakala wetu: kila kipaka kinachotupwa sokoni kinatufikia kupitia kwao, na karibu vyote vimepata nyumba, kwa kuwa paka anakubalika kila mahali penye ghala la mahindi na panya. Paka hatujaona haja ya kuwaandikia mengi. Wanajipatia nyumba wenyewe, wakikupenda. Nao wafungwe vizazi tu.

Katika seminari tuna desturi ya kutafuta mtakatifu wa kutusimamia katika kila jambo, na kwa wanyama wote humkimbilia Fransisko wa Asizi. Sisi tumemkimbilia Martini wa Porres, yule bruda Mdominiko wa Lima, Peru, mtoto wa mama aliyewahi kuwa mtumwa, aliyefariki tarehe 3 Novemba 1639. Yasimuliwa kwamba alikuwa akiwauguza mbwa na paka wagonjwa pamoja na maskini aliowahudumia, na kwamba wanyama hao aliwatafutia nafasi nyumbani kwa dada yake mjini, badala ya kuijaza konventi. Tunapenda sana habari ya huyo dada, ingawa hakutangazwa mtakatifu. Huruma ilikuwa ya bruda, uwanja ulikuwa wa dada. Bila yeye Martini angekuwa na wanyama wengi na mkubwa wa nyumba mwenye hasira, kama Baba Gombera alivyokaribia kuwa. Na katika kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anaposafiri na malaika Rafaeli, mbwa anawafuata, na mwishoni anarudi pamoja nao nyumbani. Hakuna anachofanya katika hadithi nzima. Alikuwa na nyumba ya kutokea na nyumba ya kurudia, basi.

Kwa hiyo tunawaomba maparoko na halmashauri za walei za Korogwe na Handeni jambo moja. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tarehe 4 Oktoba ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko. Ni siku sita tu kati yake. Kanisa lina ibada yake ya kubariki wanyama, imo katika Kitabu cha Baraka, lakini wengi wetu hatujawahi kuiona ikiadhimishwa. Iadhimishwe katika Jumapili iliyo karibu na siku hizo, na afisa mifugo wa kata aalikwe na sanduku lake la barafu lenye chanjo. Mbwa achanjwe kwanza, abarikiwe baadaye. Majirani wasio Wakristo waalikwe kwa chanjo. Kwa baraka hawalazimishwi. Siku hiyohiyo kila jumuiya iandike majike wangapi wako katika mtaa wake na nani yuko tayari kuchangia kufungwa kizazi. VIWAWA wana nguvu za kushika kamba. WAWATA wanajua kila uani kuna nini. Sisi waseminari tutaandika daftari. Hatuhitaji jengo. Wenzetu wa KSPCA kule Nairobi, ambao asili ya chama chao ni mwaka 1910, wana makazi ya wanyama, madaktari na magari, na bado kazi inawaelemea. Sisi tukijenga banda kubwa, tutakuwa tumewajengea watu mahali rasmi pa kuleta viroba. Nyumba za waamini zinatosha, zikichaguliwa vizuri.

Hatukubaliani wote juu ya hili, tuseme kweli. Katika kikundi chetu wapo wanaoona ni afadhali mbwa ampate yeyote anayemtaka, hata kama ni mnyororo, kuliko kubaki bila mtu, kwa kuwa muda wa kutembelea nyumba ni mdogo na viroba haviishi. Walio wengi tumekataa. Tulimwona dume yule shingoni.

Jike wa tatu bado yuko nasi. Ameshachanjwa, ameshafungwa kizazi kwa bamia za muhula wa pili, ana mwaka mmoja na miezi kidogo, mwekundu, kifua cheupe. Anaogopa pikipiki lakini haogopi ng'ombe, na usiku wa mvua alibweka mpaka mlinzi akagundua kuwa ukuta wa stoo umedondoka. Nyumba nne zimemwomba. Mbili tulikataa sisi, moja ilikataa mama wa nyumba, na ya nne walibadili mawazo waliposikia ni jike, hata tulipowaeleza kwamba hatazaa. Likizo ya Juni inakaribia, na Baba Gombera ameuliza mara mbili nani atabaki kumlisha. Anayemtaka aje getini siku ya Jumamosi mchana, aje na mtu mwingine mzima wa nyumba hiyo, na asikasirike tukisema tutamfuata kwake kwanza.